Kusubiri muvi ya anime (katuni za Kijapani) iliyochezwa na watu halisi kwa sababu ya muigizaji mmoja tu, ni ushamba? Tujadili

Wakuu habari zenu. Jana nimebishana na mdogo wangu mpaka chai ikapoa na refa hakuna, nikaona nyie muamue.

Chanzo ni Kingdom. Zile muvi za watu zilizotokana na manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, zimeshatoka nne, 2019, 2022, 2023 na 2024, mi nikasema nasubiri ya tano kwa hamu. Dogo akauliza unasubiri vita gani, nikamjibu ukweli tu, vita hata sijui nani anampiga nani, mi namsubiri yule muigizaji Kanna Hashimoto na lile vazi lake la bundi. Akacheka kinoma halafu akakasirika kabisa, eti watu kama mimi ndio tunaoua laivu aksheni, yaani hizi katuni zinazochezwa na watu.

Hoja yake naiweka kama ilivyo maana sio ya kijinga. Anasema muvi za Japani mara nyingi makampuni kadhaa yanachanga hela, kituo cha tivii, wachapishaji wa manga, watu wa matangazo, na kila aliyechanga anataka uhakika kwamba tiketi zitauzwa, kwa hiyo inatafutwa kwanza sura inayopendwa, stori itajijua. Ndio maana sura ni zilezile. Huyo Kanna alikuwepo Assassination Classroom 2015, Gintama na Saiki Kusuo 2017, Kaguya-sama na Kingdom 2019, yupo kila shughuli kama pilau. Halafu akanichoma na Attack on Titan ya 2015, unakumbuka ulivyomsubiri Kiko Mizuhara akiigiza Mikasa? Nakumbuka bwana. Niliisubiri miezi, nikamaliza bando, kufika mle Levi, mhusika anayependwa sana kwenye manga, hayupo, wamemtoa wakamuweka jamaa mwingine anaitwa Shikishima!

Sasa hapo ndipo ninapokataa. Kumtoa Levi aliamua Kiko? Ile muvi ilishakufa kwenye karatasi, yeye kakuta msiba umeshaanza.

Turudi kwa Kanna. Mwaka 2013 alikuwa kwenye kikundi cha mabinti waimbaji huko Fukuoka, picha yake moja tu akiwa anatumbuiza ikasambaa Japani nzima, wakamwita binti anayepatikana mara moja katika miaka elfu. Ukishaitwa hivyo ukapewa Kagura wa Gintama, yule mtoto mlafi asiye na aibu, watu wote wanategemea utalinda sura. Nenda kaangalie. Anachokonoa pua, na sio kugusagusa kwa aibu, kidole kinazama kabisa uso hauna habari, kama mtoto aliyesahauliwa kwenye benchi la zahanati. Niliirudisha nyuma mara tatu. Pale ndipo niliposema huyu nitamfuata popote, kwa sababu anime ikichezwa na watu inaharibika pale staa anapoogopa kuonekana kituko, anabaki amevaa wigi la rangi huku anaigiza kama yupo kwenye tangazo la sabuni.

Na mnaosema anabebwa na kamera, 2022 alipanda jukwaani Tokyo kama Chihiro, yule binti mhusika mkuu wa anime ya Spirited Away, wakipokezana na muigizaji mwenzake Mone Kamishiraishi, na 2024 onyesho likaenda mpaka London. Jukwaani hakuna kurudia, hakuna kompyuta ya kukukuzia macho, ukikosea umekosea mbele za watu.

Nakiri Kaguya-sama ilinishinda. Nilifika nusu nikalala, na asubuhi sikuwa na hamu ya kujua iliishaje, vile vichekesho vya kwenye kichwa cha mtu kwenye anime vinakimbia ila mtu halisi akikodoa macho dakika nzima inachosha. Kwa hiyo sisemi akiwepo yeye basi muvi ni nzuri. Nasema kwamba nikishajua nani yumo na huwa anajitoa kiasi gani, nimejua mengi kuliko trela itakavyoniambia, maana trela zote nzuri, hata ya Titan ilikuwa nzuri.

Dogo kagoma, anasema stori kwanza, muigizaji ni mapambo. Nikamwambia sawa, nitajie anime moja tu iliyochezwa na watu, waigizaji wabovu, na muvi ikawa nzuri. Tangu jana anatafuta, na anatafuta kwa bando langu.

Nyie mnayo?