Naomba ushauri: mdogo wangu ana uoni hafifu, mitihani imekaribia

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza chuo kimoja hapa Dar. Karatasi ya mtihani anaisogeza mpaka inakaribia kugusa pua. Jaribio lililopita alifika swali la tatu, muda ukaisha. Majibu anayajua, ndicho kinachoniuma.

Tuliomba maandishi makubwa na muda wa nyongeza. Mhadhiri akamwelekeza kwa mlezi wa wanafunzi, kule wakataka barua ya daktari wa macho. Tumepeleka, wiki ya tatu sasa kimya. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo!

Aliyewahi kupitia hili, tumwandikie nani sasa: mkuu wa idara au ofisi ya mitihani? Mitihani ni mwezi ujao.