Harusi ya Kiyahudi: kwa nini bwana harusi avunje glasi?

Mwalikwa
Wakuu, habari zenu. Nimealikwa harusi ya mfanyakazi mwenzangu, ni Myahudi. Anasema bwana harusi atakanyaga glasi ivunjike, na kabla ya hapo utasomwa mkataba mbele ya watu. Sitaki kukaa pale natoa macho tu. Nielewesheni.

Msomaji wa Zamani
Glasi ni kumbukumbu ya Hekalu la Yerusalemu, lililobomolewa na Warumi mwaka 70. Hata siku ya furaha msiba ule hausahauliwi. Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi wa kale, inasimulia kwamba Mar mwana wa Ravina, alipoona marabi wamezidi kuchangamka kwenye harusi ya mwanawe, alileta kikombe cha thamani ya zuzi 400 (sarafu za fedha za kale) akakivunja mbele yao. Wakatulia. Siku hizi ikishavunjika tu, ukumbi mzima unaitikia "Mazel tov!", yaani hongera

Mama Mwenye Ketuba
Mimi nimeolewa chini ya hupa, kile kitambaa kinachoshikiliwa na nguzo nne, wazi pande zote kama hema la Abrahamu. Ndugu yangu, wengi wanangojea glasi. Wewe sikiliza mkataba, yaani ketuba. Husomwa kwa Kiaramu, baada ya bibi harusi kuvishwa pete kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Pete yenyewe haina kito, thamani yake isije ikatiliwa shaka.

Ndani ya ketuba mume anajifunga kumlisha mkewe, kumvisha na kumtimizia haki ya unyumba. Akimwacha au akifa, mke ana fedha yake: zuzi 200 kwa anayeolewa mara ya kwanza. Mashahidi wawili wanatia sahihi, na hawatakiwi kuwa jamaa wa maharusi. Karatasi anapewa mke, ni mali yake. Yangu iko ukutani sebuleni, imepambwa kwa makomamanga, na hadi leo nikiipita naiangalia. Marabi wa kale walikaa wakafikiria mwanamke ataishije akiachwa, wakaliandika hilo siku ya harusi yenyewe. Naliheshimu sana jambo hili.

Mwalikwa
Asante sana, mama. Na shela? Nasikia bwana harusi ndiye anayemfunika.

Mama Mwenye Ketuba
Kwa Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, ndiyo. Wengi hulihusisha na Yakobo, aliyeozwa Lea akidhani ni Raheli. Bwana harusi anamtazama kwanza, ndipo anamfunika. Na wakitoka hupani wakajifungia chumbani wawili peke yao, usishangae. Maharusi wengi huwa wamefunga kula tangu asubuhi, huko ndiko wanakofungulia. Nyinyi endeleeni kula.