Wauzaji wa seti za bia ya nyumbani: mnatuuzia makopo yaliyochoka, halafu kosa ni "usafi" wetu?

Wakuu, nimevumilia sana, leo acha niteme nyongo.

Nina ndoo ya bia pembeni ya meza, lita 23, wiki ya tatu hii imegoma kumaliza kuchachuka. Imetulia kama maji ya mtungi. Na kabla hamjaja mbio na "usafi mkuu, usafi", jibu hilo nimeshapewa na muuzaji na ndilo lililonileta hapa. Kila kilichogusa bia nilikiosha, nikakitia dawa, nikakisubiri dakika zilizoandikwa. Isitoshe uchafu ungeichachua vibaya. Yangu haijachachuka vibaya, imegoma tu.

Nilinunua seti kamili: kopo la kilo 1.7 la shira ya kimea iliyokwisha tiwa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), paketi ya hamira chini ya kifuniko cha plastiki, mfuko wa hopsi za kutupia baadaye kwa ajili ya harufu, hidromita (kipimo cha kuonyesha sukari iliyobaki kwenye bia) na karatasi ya maelekezo. Boksi linang'aa, lina picha ya glasi yenye povu. Nadhani picha ndiyo kitu pekee kilichokuwa kipya humo.

Chini ya kopo kulikuwa na stika nyeupe ya muuzaji. Nikaona pembe moja imenyanyuka, nikaanza kuikwangua kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda. Ikatokea tarehe ya mwisho wa matumizi. Imepita miezi 14! Sasa stika ile ilibandikwa pale kwa bahati mbaya? Shira ya kimea iliyozeeka haiui mtu, hilo nalijua, lakini ikikaa sana, hasa kwenye joto, inazidi kukolea rangi humo humo ndani ya kopo na kuingia ladha ya sukari iliyokaribia kuungua. Bia iliyoandikwa "ya dhahabu" ilikuwa kahawia kabla sijagusa jiko.

Hamira ndiyo iliyonipandisha mori. Paketi ya gramu 5, haina tarehe, haina hata jina la aina yake. Paketi za hamira kavu ya bia zinazouzwa peke yake huwa na gramu 11 hivi kwa ndoo ya ukubwa huu, kwa hiyo hata ingekuwa hai yote, ilikuwa inatumwa kazi ya watu wawili. Na haikuwa hai yote. Imekaa juu ya kopo lile lile, miaka ile ile, kwenye ghala ambalo sijui lina joto gani. Povu lilichungulia siku ya tatu, jembamba, kesho yake likaaga. Kosa langu nalikiri: ningeijaribu kwanza kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo. Hamira nzima inapanda juu na kutoa povu ndani ya nusu saa. Iliyokufa inalala chini kama vumbi.

Hidromita, ambayo namba yake hushuka kadiri hamira inavyokula sukari, ilianza 1.040, ilitakiwa ishuke hadi karibu 1.010, ikaganda 1.022. Nikaishuku yenyewe, nikaitumbukiza kwenye maji matupu ya nyuzi 20, ambako ilipaswa kusoma 1.000. Ikasoma 1.004. Karatasi ya namba imeteleza ndani ya kioo! Yaani kifaa nilichouziwa kinikamatie uongo nacho ni kiongo. Toa hizo nne, bado tuko 1.018.

Na maelekezo yanasema nini? "Siku ya 6 jaza kwenye chupa, ongeza sukari, ziba." Hakuna neno hata moja kuhusu kupima. Mtu mgeni angefuata. Bia ina sukari tele haijaliwa, unaiongezea nyingine, unaiziba, halafu hamira iliyosalia inazinduka siku ya joto. Gesi haina pa kutokea, chupa inapasuka na vioo vinaruka. Anayeandika karatasi ile hajali macho ya watu.

Hopsi sitazisema sana. Mfuko wa plastiki unaoona mpaka ndani, umefungwa kwa pini, punje zimegeuka hudhurungi na zinanuka jibini na soksi ya mchezaji baada ya mechi. Hakuna mwaka wa mavuno, hakuna kiwango cha asidi ya alfa, ile inayoleta uchungu. Hopsi za asilimia 5 na za asilimia 12 zikichemshwa uzito ule ule, uchungu wake unapishana zaidi ya mara mbili. Sasa mtu unapigaje hesabu, kwa kunusa?

Nikampigia muuzaji. "Kaka, hamira kavu huwa haiharibiki. Angalia usafi." Nikamtajia stika. Kimya kidogo, kisha: "Hiyo tarehe ni ya nchi ilikotoka." Wakuu, hilo jibu nimelitafuna siku mbili, halimezeki.

Tangu hapo sinunui kitu bila kutumiwa picha ya tarehe, siyo ya boksi. Hopsi nataka za mfuko wa foili uliotolewa hewa, zinazokaa kwenye friji hata dukani. Kimea cha punje nachukua kizima, nitasaga mwenyewe, maana kilichosagwa kinachakaa upesi. Na anayeuza hamira ataje aina na tarehe. Wapo wauzaji wanaojibu hayo kwa dakika mbili, sisemi wote ni wale wale.

Jana huyu wangu kanitumia ujumbe: amesikitika, ananipa punguzo nikinunua hamira nyingine kwake. Nikamuuliza ni ya tarehe gani. Alama mbili za bluu, mpaka sasa hajajibu.