Muuguzi anayepima na kuandika dawa alazimishwe kuwa na uzamivu? Mimi napinga

NesiTexas (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, kuna swali ambalo wauguzi wetu walioko Marekani, Wakenya kwa Watanzania, hulikuta pale wanapoamua kutoka wodini wakasomee kupima wagonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa wenyewe. Wasome shahada ya uzamili waanze kazi, au waende hadi uzamivu wa utendaji, ule unaoitwa DNP? Vyuo vingi vinasukuma uzamivu. Mimi napinga kuufanya sharti, na naomba mnijibu bila kunionea haya.

Kazi hii ya muuguzi anayetibu, kwa Kiingereza nurse practitioner, ilianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado. Muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver waliona watoto wa familia maskini na wa vijijini hawana wa kuwatibu, wakaona muuguzi mzoefu wa afya ya jamii akiongezewa ujuzi ataweza. Mafunzo mengi ya miaka ile ya mwanzo yalitoa cheti tu. Baadaye uzamili ukawa ndio kiwango. Kisha Oktoba 2004 vyuo vya uuguzi, kupitia chama chao AACN, vikapiga kura kwamba ifikapo 2015 anayeingia kwenye uuguzi wa ngazi ya juu, kama huu wa kupima na kuandika dawa, awe na uzamivu. Mwaka 2015 ulifika, wenye uzamili wakaendelea kupewa leseni. Mwaka 2018 chama cha walimu wa wauguzi hawa, NONPF, kikaweka lengo jipya la 2025. Nao umefika, na bodi za majimbo bado zinawapa leseni wenye uzamili.

Sasa tuutazame umahiri wenyewe unaodaiwa kumtofautisha mwenye uzamivu. Mwongozo wa AACN wa 2006 ulitaja mambo manane: misingi ya kisayansi, uongozi wa taasisi na mifumo, usomi wa kutumia ushahidi, teknolojia ya taarifa, sera ya afya, kushirikiana na fani nyingine, kinga na afya ya jamii, halafu la nane, uuguzi wenyewe wa ngazi ya juu. Soma tena orodha hiyo. Mgonjwa aliyekaa mbele yako, anayehema kwa shida na hujui kama ni moyo au mapafu, anafikiwa sawasawa kwenye jambo la mwisho. Mwongozo wa 2021 ulipanga upya kila kitu katika nyanja kumi na umahiri 45, na safari hii huduma kwa mtu mwenyewe ikapandishwa hadi nyanja ya pili. Ni hatua njema. Lakini nyanja nyingi bado ni za mifumo, ubora, data, taaluma na uongozi.

Sisemi mambo hayo hayana maana. Nasema yasiwe kizuizi cha mtu kuanza kuona wagonjwa.

Ushahidi tunaoutumia kujitetea mbele ya madaktari nao unasema nami. Januari 2000 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa Mary Mundinger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia. Wagonjwa 1,316 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine kwa madaktari, wengine kwa wauguzi wa ngazi ya juu, na baada ya miezi sita hali zao za afya hazikutofautiana kwa maana. Wakati huo shahada ya DNP haikuwapo. Uwezo ule ulioonekana ni wa wauguzi wa kabla ya uzamivu huu.

Na hapa Texas nilipo, sheria haijali. Mwenye uzamili anahitaji mkataba na daktari ili aandike dawa. Mwenye uzamivu naye anahitaji mkataba uleule. Mtihani wa kitaifa ni mmoja. Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, inamlipa muuguzi asilimia 85 ya kiwango cha daktari, awe na shahada ipi. Mtu ameongeza miaka na deni, na kesho yake chumba cha kliniki ni kilekile, mipaka ni ileile.

WodiBaridi, Minnesota

Dada NesiTexas, umeeleza vizuri ila umepunja upande mmoja. Mimi nina DNP na sijutii.

Unauliza mgonjwa yuko wapi kwenye orodha ile. Nitakwambia yuko wapi. Katika kliniki niliyofanyia mradi wangu wa kumalizia DNP, watu wa presha walikuwa wanapimwa, wanapewa dawa, wanaondoka, na wengine hawarudi. Kila mmoja wetu chumbani kwake alifanya kazi yake sawasawa. Hakuna aliyeona kwamba kundi zima linapotea, kwa sababu hakuna aliyetazama kundi. Nilitoa orodha kwenye kumbukumbu za kompyuta, nikatafuta nani hajarudi na kwa nini, tukabadilisha namna ya kuwapigia simu na muda wa miadi kwa wanaofanya kazi za usiku. Hao nao ni wagonjwa, dada. Tofauti ni kwamba hawakuwa wamekaa mbele yangu.

Nilipokuwa na uzamili nisingejua hata swali la kuuliza. Uzamivu wa utafiti, PhD, unakufundisha kuzalisha maarifa mapya. Huu wetu unakufundisha kuchukua maarifa yaliyopo na kuyafanya yafanye kazi mahali ulipo. Vyote vinahitajika.

Kuhusu elimu kwa ujumla, kumbuka utafiti wa Linda Aiken wa 2003, nao ulitoka JAMA: hospitali zenye wauguzi wengi zaidi wenye shahada ya kwanza zilikuwa na vifo vichache baada ya upasuaji. Kila ongezeko la asilimia kumi la wauguzi hao liliambatana na upungufu wa kama asilimia tano wa uwezekano wa kufa. Miaka yote muuguzi alipotaka kusoma zaidi aliambiwa "unatosha hapo ulipo". Mfamasia hapa anaingia kazini na shahada ya udaktari. Mtaalamu wa fiziotherapia vilevile. Kwenye kikao cha kuamua bajeti ya hospitali, anayebaki na shahada ya chini mezani ni muuguzi, na ndiye aliyekaa na mgonjwa saa nyingi kuliko wote. Hilo huoni linatuumiza?

NesiTexas

Naliona, na kazi uliyoifanya kwenye presha ni kazi ya heshima. Utafiti wa Aiken ni wa wauguzi wa wodini wenye shahada ya kwanza, kwa hiyo haunipi jibu juu ya uzamili dhidi ya uzamivu. Lakini nikubali hoja yako kubwa: kliniki isiyo na mtu wa kutazama kundi zima inapoteza watu. Basi iwe na mtu huyo. Je, kila muuguzi anayetibu mafua, kisukari na presha katika mji mdogo wenye kliniki moja lazima awe yeye? Uongozi wa mabadiliko na kutibu ni kazi mbili, na anayeziweza zote mbili apewe nafasi. Kuzigeuza kuwa lango moja ndipo tunapoachana.

Angalia hata jimbo lako. Minnesota muuguzi mpya anafanya kazi kwa ushirikiano kwa saa 2,080 ndipo anajitegemea. Waliotunga sheria ile waliuliza saa za kazi. Hawakuuliza uzamivu. Naona walifikiri sawasawa.

UsingiziSalama

Nachangia kutoka upande wa dawa za usingizi za upasuaji, maana sisi mjadala huu umeshatupita. Tangu Januari 2022 mwanafunzi yeyote anayeanza kusomea usingizi akiwa muuguzi hapa Marekani anaingia kwenye programu ya uzamivu, na programu haipungui miezi 36. Nimesikia watu wakilalamika, na malalamiko yana msingi: katika miaka ile mitatu huwezi kuajiriwa kwa maana yoyote, na familia ya nyumbani inasubiri.

Ila niwaambie tofauti yetu. Huku kwetu hakuna aliyetuambia "umekuwa daktari wa uuguzi, hongera" kabla ya kuhesabiwa. Unatakiwa uwe na saa za kliniki zisizopungua 2,000 na wagonjwa 600, na ndani ya hao 600 kuna watoto, wazee, upasuaji wa dharura, akina mama wa kujifungua, kila aina na idadi yake. Usipofikisha, humalizi. Kwa upande wa wenzetu wa kliniki, kiwango cha kitaifa cha 2022 ni saa 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja. Zilipandishwa kutoka 500. Na zile saa 1,000 zilizokuwa zinatajwa kwa DNP katika mwongozo wa 2006, nyingi za nyongeza huishia kwenye mradi, vikao na takwimu.

Kwa hiyo mimi siungi mkono wala kupinga uzamivu. Nauliza, ndani yake mmeweka nini? Mkiongeza mwaka mzima na ndani yake hamna mgonjwa hata mmoja wa ziada, msiseme mmeongeza umahiri wa kutibu.

DkWilayani

Niko Tanzania, ni daktari, naomba niseme la upande wetu kwa ufupi. Tangu miaka ya 1960 nchi hii ilifundisha matabibu na madaktari wasaidizi, na kwa miaka mingi katika hospitali za wilaya hao wasaidizi ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa kutoa watoto. Hawakuwa na shahada ya chuo kikuu. Walikuwa na mikono iliyofundishwa na msimamizi aliyekaa karibu. Ninaposikia mtu anataka uzamivu ndipo aandike dawa ya presha, nashangaa kidogo.

Wasiwasi wangu ni mwingine: jina. Mgonjwa akisikia "Dk. Fulani" ndani ya kliniki anaamini amemwona daktari wa tiba. California wana sheria inayokataza, na mwaka 2023 wauguzi watatu wenye uzamivu walifungua kesi mahakamani wakidai haki ya kujiita hivyo kazini. Mnasemaje?

WodiBaridi, Minnesota

Mkuu, shahada nimeisomea na sitaificha. Lakini kwa mgonjwa nasema hivi kila mara: "Mimi ni muuguzi, nina uzamivu, nitakuhudumia leo." Kadi yangu ya kifuani inasema muuguzi kwa herufi kubwa. Anayemwacha mgonjwa aamini jambo lisilo kweli anakosea, awe muuguzi au mwingine yeyote.

NesiTexas

Hapo tuko pamoja kabisa. Mgonjwa ana haki ya kujua anayemgusa ni nani.

Mkunga_Pwani

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mkunga, niko Mombasa, natarajia kwenda kuungana na mume wangu huko Marekani. Nimeambiwa na wakala mmoja wa vyuo kwamba bila DNP sitapata kitu, hata ukunga. Ada aliyonitajia imenikosesha usingizi. Nifanye nini? Na hizi shahada zinasaidia nikirudi nyumbani?

NesiTexas

Marahaba mdogo wangu. Huyo wakala hakukwambia kweli. Chama cha wakunga wauguzi cha Marekani, ACNM, kimekataa wazi kuufanya uzamivu kuwa sharti la kuingia kwenye ukunga. Uzamili unatosha kufanya mtihani na kupata leseni. Baraza la kimataifa la wauguzi, ICN, katika mwongozo wake wa 2020 nalo limetaja uzamili kuwa kiwango cha chini cha uuguzi wa ngazi ya juu, kwa hiyo hata ukirudi pwani hutakuwa nyuma ya mtu.

Kabla ya hapo, leseni yako ya Kenya ipitiwe na usajiliwe kwanza kama muuguzi huko uendako, maana kila jimbo lina bodi yake. Hilo lianze sasa ukiwa bado nyumbani. Nakala za masomo huchelewa, na ni rahisi kuzifuatilia chuoni kwako ukiwa karibu.

Ukifika hatua ya kuchagua chuo, uliza maswali haya na udai majibu kwa maandishi. Saa ngapi nitakuwa na mgonjwa moja kwa moja, na ngapi ni za mradi? Nani atanitafutia msimamizi wa kliniki? Vyuo vingi vya mtandaoni vinamwachia mwanafunzi amtafute mwenyewe, na mgeni asiyejua mtu katika mji anaweza kukwama muhula mzima huku analipa. Programu ina ithibati, na ithibati hiyo inakubaliwa na bodi ya jimbo nitakaloishi? Wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wamefaulu mtihani wa kitaifa kwa kiwango gani? Nikisimama baada ya uzamili, nitaweza kurudi kumalizia uzamivu baadaye bila kuanza upya?

Wakikuzungusha kwenye swali la kwanza au la pili, tafuta chuo kingine.

WodiBaridi, Minnesota

Mdogo wangu, sikiliza ushauri huo, hata mimi mwenye DNP nausaini. Nilianza na uzamili, nikafanya kazi, kisha nikarudi darasani nikiwa na maswali yangu mwenyewe kutoka kliniki. Ukija huku Minnesota niandikie hapa, kuna wakunga wa Kikenya wanaopokea wanafunzi.

UsingiziSalama

Swali langu bado halijajibiwa na anayetetea sharti hili. Dada WodiBaridi, kama AACN kesho ingeweka saa 500 za ziada za wagonjwa ndani ya DNP na kupunguza mradi, ungeunga mkono?

WodiBaridi, Minnesota

Saa za ziada, ndiyo, tena kwa mikono miwili. Kupunguza mradi, hapana. Ongezeni muda.

NesiTexas

Na nani alipie muda huo? Madaktari walio kwenye mafunzo ya ubingwa (residency) wanalipwa mshahara hospitalini kwa miaka yao mitatu ya tiba ya familia, sehemu kubwa kwa fedha za Medicare. Muuguzi mwanafunzi analipa ada ili afundishwe kliniki. Mwenye hoja ya kumlipa mwanafunzi wetu naye, aiweke hapa tuijadili.