Bei ya hisa mkononi kutwa nzima: inamjenga mwekezaji mdogo au inamla?

Mwanzisha mada, Malaba

Ndugu zangu, salaam. Kuna jambo limenikaa kooni tangu kikao cha mwezi uliopita cha chama chetu cha akiba, naomba tulijadili bila kufichana.

Tuko watu 14: wauza vipuri, mama lishe wawili, makarani wa mizigo hapa mpakani, na mimi mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka 2021 MTN Uganda ilipouza hisa kwa umma kwa shilingi 200 za Uganda kila moja, tulichanga tukanunua. Mwaka 2024 kampuni mama ilipouza nyingine kwa shilingi 170, tukaongeza. Hadi leo hatujauza hata moja. Sasa vijana wetu wawili wanataka tubadili mwendo. Mmoja wao ashinde na bei kwenye simu, anunue ikishuka, auze ikipanda, na jioni ahamie kwenye hisa za kampuni za teknolojia za Marekani. Chama kimlipe bando na posho. Wengi walipiga makofi. Mimi nilipinga, nikaambiwa nimechoka.

Sijachoka. Nilijaribu kwanza ndipo nikapinga. Siku moja ya wiki niliegemeza simu kwenye mizani ya misumari, nikaifuata hisa yetu tangu soko la hisa lifunguliwe kule Nakawa, Kampala. Asubuhi nzima bei haikutikisika. Adhuhuri ikapanda shilingi moja. Moyo ukanidunda, nikampigia dalali wetu: je, nikitaka kuuza hisa 10,000 kwa bei hii sasa hivi? Akaniambia bei ile imetokana na mtu aliyenunua hisa mia chache tu, na mnunuzi mwingine aliyepo anasubiri shilingi mbili chini. Nilipoweka simu chini, mteja aliyekuja kuulizia mabati alikuwa ameshavuka barabara kwa jirani yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Bei ya kwenye kioo ni habari ya mauzo yaliyokwisha kupita. Jirani akiuza debe moja la mahindi asubuhi kwa bei nzuri, haina maana magunia yako ishirini yatapata mnunuzi wa bei hiyo mchana.

Tena tufanye hesabu. Hisa 10,000 kwa shilingi 170 ni 1,700,000. Dalali na soko wanachukua karibu asilimia 2 ukinunua, na karibu hiyo tena ukiuza. Jumla ni kama 68,000. Kwa hiyo bei lazima ipande karibu shilingi 7 ndipo urudishe chako tu, hujapata hata senti ya faida. Kuna siku ngapi hisa hiyo inapanda shilingi 7 kabla ya jua kuzama? Na bando la shilingi 1,000 kwa siku, kwa siku kama 250 za soko, ni 250,000 kwa mwaka. Hiyo ni karibu asilimia 15 ya mtaji wenyewe! Posho bado sijaigusa.

Msimamo wangu ni kwamba fedha za chama zisichezwe kwa bei ya siku. Anayeona vingine aseme.

Jibu kutoka Jinja

Mzee wangu wa Malaba, nakuheshimu, lakini umetuonyesha upande mmoja. Wewe na mimi tuko karibu na Kenya, basi tutazame Safaricom. Mwaka 2008 iliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 za Kenya, ikashuka chini ya 3, watu wakalia. Mwaka 2021 ikapita 40. Aliyelala wakati huo akasema "mimi ni wa muda mrefu", mwaka 2023 aliamka akaikuta chini ya 20. Zaidi ya nusu ya thamani imeyeyuka akiwa amekunja mikono. Hapa kwetu Airtel Uganda iliuzwa shilingi 100 mwaka 2023, na waliokuwa macho waliona mapema jinsi ilivyokuwa ikiteremka chini ya bei hiyo. Kununua na kusahau nako ni hatari.

Halafu hesabu yako ya asilimia 2 ni ya Nakawa. New York si Nakawa. Kule mnunuzi yupo kila sekunde, unauza kwa kubonyeza, na makato ni madogo mno. Kijana anayefunga kazi saa 11 jioni ana saa nyingi mbele yake za kufuatilia soko lile. Matajiri wana skrini sita mezani, sisi tuna simu moja, na hata hiyo moja mnatuambia tuifunike. Tutajifunza lini?

Mwanzisha mada, Malaba

Kijana wangu wa Jinja, hapo kwa New York umesema kweli na sitabishana nawe. Kule mnunuzi hakosekani. Lakini nikusimulie usiku mmoja niliokaa na mpwa wangu, uone kuuza kwa haraka kulimfikisha wapi.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 27 Januari 2025. Mpwa wangu alikuwa na kipande cha hisa za Nvidia, ile kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu zinazoendesha akili bandia. Wiki ile kampuni ya China iitwayo DeepSeek ilikuwa imetikisa dunia kwa programu yake iliyosemekana kuundwa kwa gharama ndogo sana, na watu wakaanza kujiuliza kama chipu nyingi hivyo za bei kali zitaendelea kuhitajika. Habari hiyo ilikuwa imezunguka mwishoni mwa juma lote. Soko la New York lilifunguliwa saa 11 na nusu jioni kwa saa zetu. Tulikuwa tumekaa hotelini kwa mama mmoja hapa karibu na maegesho ya malori, chapati na maharage mbele yetu. Kabla ya chai kumiminwa hisa ilikuwa imeshaanguka. Ilifunguliwa ikiwa chini tayari.

Alikuwa akisema, "Mjomba, itarudi." Kila dakika kadhaa anafungua simu. Saa 1, chini. Saa 3, chini zaidi. Chapati yake ilikauka kwenye sahani. Saa 4 usiku akauza zote, mkono unatetemeka, akaondoka bila kuaga. Soko lilipofungwa saa 6 usiku hisa ilikuwa imepoteza asilimia 17 kwa siku moja, na kampuni imepungukiwa thamani ya karibu dola bilioni 590. Hakuna kampuni ya Marekani iliyowahi kupoteza kiasi hicho kwa siku moja kabla ya hapo. Kesho yake ikapanda karibu asilimia 9. Akanunua tena, kwa bei ya juu kuliko aliyouzia.

Sasa niambie. Alipokuwa anakodolea macho ile simu tangu saa 11 na nusu hadi saa 4, alipata habari gani mpya kuhusu kampuni? Hakuna. Habari ilikuwa ileile ya Jumapili. Kilichobadilika ni namba, na woga wake. Wenye skrini sita walikuwa wameshauza kabla hajaketi mezani.

Na Safaricom uliyoitaja haikuanguka kwa siku moja. Ilichukua zaidi ya mwaka kutoka 40 kwenda chini ya 20. Mtu aliyesoma taarifa zake za fedha za kila nusu mwaka, na kufuata habari za fedha nyingi ilizopeleka Ethiopia, alikuwa na nafasi ya kufikiri na kuuza kwa utulivu. Hakuhitaji kuiangalia saa 4 asubuhi na saa 8 mchana.

Jibu kutoka Arua

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama hapa sokoni. Kaka wa Malaba, nakuunga mkono, ila mfano wako nao usiupambe. Mpwa wako angeshikilia, Aprili 2025 angeiona Nvidia chini ya dola 100, chini kuliko usiku ule aliouza. Ni baadaye ndipo ilipopanda sana. Kushika pia kunataka moyo, na kunataka pesa ambayo huihitaji kwa karo ya mwezi ujao. Wanawake wangu wengi hawana pesa ya namna hiyo.

Kinachonitisha kwenye pendekezo la vijana wenu si simu. Ni posho. Mtu akilipwa ili anunue na kuuza, atanunua na kuuza hata pasipokuwa na sababu, maana asipofanya hivyo mtamuuliza posho ni ya nini. Nimeyaona haya kwenye kikundi changu kwa mkaa: tulimlipa mtu wa kwenda kununua kila Alhamisi, akawa ananunua kila Alhamisi hata bei ikiwa imeruka.

Tena mmesahau jambo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa karibu siku tano. Aliyekuwa na fedha kwenye soko la New York siku hizo angeuza kwa njia gani? Biashara inayotaka uwe macho kila saa haifai kuwekwa juu ya kitu kinachoweza kuzimwa.

Sisi tuliamua hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Unaanzia shilingi 100,000 kupitia Benki Kuu, riba unaijua tangu siku ya kwanza, na za miaka 10 na zaidi kodi yake ni asilimia 10 badala ya 20. Hazina msisimko. Lakini mama anayeuza samaki analala.

Jibu kutoka Kampala

Nimefanya kazi ofisi ya dalali wa hisa kwa miaka kadhaa, naomba niseme kidogo. Mzee wa Malaba ameeleza vizuri habari ya bei ya mwisho. Watu wengi walikuwa wananipigia wakigomba, "Bei ni hii, kwa nini hujaniuzia?" Dawa ni kuweka agizo lenye kikomo: uza hisa zangu kadhaa, si chini ya bei fulani, agizo likae siku kadhaa. Halafu unaendelea na kazi zako. Ukishauza, fedha zenyewe unazisubiri siku tatu za kazi, kwa hiyo hata wazo la kuzizungusha fedha zilezile asubuhi na jioni halipo Nakawa.

Ila mdogo wangu wa Jinja ana hoja moja ambayo hamjaijibu. Mwenye skrini anaiona foleni yote: nani anataka kununua ngapi na kwa bei gani. Mwekezaji mdogo anapewa namba moja tu, ile ya mwisho. Soko la Hisa la Uganda na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji wanatuhimiza kila mwaka tufungue akaunti za hisa, na siku hizi unafungua kwa simu. Vizuri. Basi watuonyeshe foleni pia, bure, kwa wote. Hapo mtu atajua kwa kutazama mara moja kwamba hisa zake 10,000 hazina mnunuzi leo, na ataweka simu mfukoni.

Na kuna ufuatiliaji ambao watu hawaufanyi kabisa. Mtu amebadili namba ya simu, amefunga akaunti ya benki, gawio, yaani fungu la faida wanalopewa wenye hisa, linatangazwa, linakatwa kodi yake, linatumwa, halimfikii. Anakesha na bei ya New York huku fedha yake halali imelala kwa msajili wa hisa, yule anayetunza orodha ya wenye hisa, hapa Kampala. Mzee, ulizia gawio la chama chenu lilikwenda kwenye akaunti ya nani.

Mwanzisha mada, Malaba

Dada wa Arua, hilo la posho limenifungua macho. Nilikuwa napinga simu kumbe ninachopaswa kupinga ni mshahara wa kubonyeza. Na ndugu wa Kampala, nimeuliza leo: gawio la mwaka wa kwanza lilitumwa kwa namba ya mweka hazina wetu wa zamani, aliyehamia Tororo. Tunalifuatilia.

Hoja ya foleni ya maagizo naikubali kwa mikono miwili. Kumwita mkulima na muuza duka waje sokoni, kisha kuwaonyesha namba moja tu ya jana au ya saa iliyopita, si haki. Hiyo ningependa ipelekwe mbele na kila aliyesoma hapa.

Jibu kutoka Jinja

Bado hamjanishawishi kwamba kijana asijifunze. Mpwa wako, mzee, aliuza kwa woga kwa sababu hakuwahi kuzoea. Rubani naye hazoei mawingu kwa kukaa uwanjani. Lakini nakubali asijifunzie fedha za mama lishe. Napendekeza hivi: vijana wenu wapewe mwezi mmoja na daftari, bila shilingi hata moja ya chama. Kila wanapoona "hapa ningenunua" au "hapa ningeuza", waandike saa, bei na idadi ya hisa. Kisha wamuulize dalali siku hiyohiyo: kwa bei hiyo, kwa idadi hiyo, mnunuzi alikuwepo? Wakate na asilimia 2 kila upande. Mwisho wa mwezi wajumlishe mbele ya kikao.

Mwanzisha mada, Malaba

Hilo nalipokea. Nimetoa daftari moja la kurasa 96 hapa dukani, nimechora safu tano: saa, bei, idadi, jibu la dalali, makato. Vijana wamelichukua jana jioni. Bando wanajinunulia wenyewe. Kikao ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, nitawaandikia hapa walichojumlisha, kiwe upande wangu au upande wako.