Kaseti za dansi, mechi za Simba na Yanga, VCD za Bongo na riwaya za zamani: nianze kuokoa kipi?

Binti_Ilala
Wakuu, habari zenu. Kuna sanduku la Dar ya zamani linahitaji kuokolewa: kaseti za dansi zilizorekodiwa kutoka RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam (chache zimeandikwa "Juwata" na "Mlimani", nyingine hazina kitu), mikanda mitatu ya VHS ya mechi, VCD za Bongo Movie, vipande vya magazeti ya michezo na riwaya za upelelezi zinazoachia kurasa. Vyote vimekaa kwenye joto na unyevu. Nina laptopu na simu yenye kamera nzuri. Nianze na kipi?

Fundi_Gerezani
VHS kwanza, dada. Televisheni Bara imeanza 1994, hivyo mechi ya kabla ya hapo huenda ilipigwa na mtu mwenye kamera yake au ilitoka TVZ (televisheni ya Zanzibar), na nakala inaweza kuwa hiyo hiyo uliyonayo. Inua kifuniko cha mbele, mulika kwa tochi. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu: usiutie kwenye deki, utachafua hedi (kichwa kinachosoma utepe) na kuhamia mikanda mingine. Uliosalimika upeleke mbele mpaka mwisho, urudishe mwanzo, ndipo urekodi. Kwenye programu ya kurekodi chagua PAL (mfumo wa picha wa televisheni zetu), la sivyo picha itakosa rangi au itarukaruka.

Kaseti: safisha hedi na roli ya mpira kwa pamba na spiriti isiyo na mafuta wala manukato. Uchafu wa roli ndio unaofanya redio itafune utepe. Kama sauti inakuja na kupotea, tazama kile kisponji kidogo nyuma ya utepe. Kikidondoka, hamishia utepe kwenye ganda jingine lenye skrubu tano.

Sasa hatua ambayo wengi wanairuka. Kando ya hedi kuna skrubu yenye springi. Kaseti ikiwa inacheza, izungushe kidogo sana, huku na huku, mpaka matoazi na gitaa la solo visikike wazi kabisa. Kila redio ilirekodi hedi yake ikiwa imekaa kivyake, kwa hiyo unarudia kwa kila kaseti. Ukirekodi hedi ikiwa imepinda, ule ung'avu haurudi kwa programu yoyote.

Rekodi WAV, biti 24, 48 kHz. Kilele cha sauti kisivuke -6 dB. Saa moja ni takriban GB 1. Kuondoa mvumo fanya kwenye nakala tu, maana programu hizo hula pumzi ya tarumbeta pamoja na mvumo.

Ngoma_ya_Ukae
Naongezea juu ya kutambua, maana kaseti isiyo na jina ni nusu kaseti. Bendi ya NUTA Jazz ilianza 1964, ikawa JUWATA, kisha OTTU, leo Msondo Ngoma. Kwa hiyo "Juwata" ni kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mlimani Park, yaani Sikinde, imeanza 1978. Chochote chenye jina hilo hakiwezi kuwa cha kabla.

Usitambue bendi kwa sauti ya mwimbaji peke yake. Waimbaji Gurumo na Bitchuka wote wameimba Msondo na Sikinde, utapotea. Sikiliza mtangazaji, na majina ya wapigaji yanayotajwa gitaa likichangamka. Tafadhali usikate maneno ya mtangazaji ili ubaki na muziki mtupu. Mara nyingi tarehe imo humo.

Magazeti nayo hivyo hivyo: "Sunderland" ni Simba ya kabla ya 1971. "Uwanja wa Taifa" kabla ya 2007 ni huu tunaouita Uhuru. Baada ya hapo mara nyingi ni ule mkubwa, sasa Benjamin Mkapa. Kipande kisicho na tarehe kaulizie magazeti ya nyuma Maktaba Kuu, Bibi Titi.

Kurasa_za_Posta
VCD: fungua folda ya MPEGAV, nakili faili la .DAT, libadili liwe .mpg. Kompyuta ikigoma katikati, ni mikwaruzo; VCD haina ulinzi wa makosa kama CD ya data. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

Riwaya usizilaze wazi kabisa. Gundi ya mgongo imekauka, itapasuka. Fungua kama digrii 90 tu, piga picha ukurasa mmoja mmoja kwa mwanga wa dirishani bila flashi.

Binti_Ilala
Asanteni sana. Na vipande vya magazeti, niviwekee laminesheni?

Kurasa_za_Posta
Hapana. Joto linavigandisha moja kwa moja, na asidi ya karatasi inabaki ndani ikiendelea kuila. Selotepu pia hapana, inaacha doa la kahawia. Piga picha, kisha vilaze kwenye bahasha za karatasi, sio nailoni, kabatini mbali na ukuta unaovuja.

Fundi_Gerezani
Na kabla ya kuhamishia chochote kwenye laptopu, vunja vile vijino viwili vya plastiki vya juu ya kila kaseti. Kidole kikigonga kitufe chekundu cha kurekodi kwa bahati mbaya, hakuna kitakachofutika.