Jaji aulizwe nini kabla ya kukalia kiti?

Mwana Kamalondo
Wakubwa kwa wadogo, nina swali. Marekani rais akimteua jaji wa Mahakama ya Juu, mtu huyo anaketi siku kadhaa mbele ya kamati ya maseneta, anaulizwa hadharani, televisheni inaonyesha, kisha Seneti inapiga kura. Kwetu Kongo ya Kinshasa, Korti ya Katiba ina majaji 9: rais anachagua 3, Bunge na Seneti wakikaa pamoja kama Kongre wanachagua 3, Baraza Kuu la Mahakimu 3. Wanakaa miaka 9, hakuna kurudia. Kifungu cha 158 cha katiba kinasema nani anachagua, lakini hakisemi popote kwamba mtu huyo aulizwe hata neno moja mbele yetu. Mimi naona angalau wale 3 wa Kongre waitwe na kuulizwa waziwazi: kesi ya uchaguzi wa rais ikifika mbele yako, utafanya nini? Au swali hilo linamfunga jaji?

Avoka wa Kampemba
Linamfunga kabisa. Mimi ni wakili: jaji akishasema atakata vipi, nikija na mteja wangu nitatetea nini? Kule Marekani, Ginsburg alipoteuliwa kuwa jaji mwaka 1993 aliwaambia maseneta kwamba hatawapa hata dokezo, na akapita kwa kura 96 kwa 3. Bork, aliyeteuliwa kabla yake mwaka 1987, alijibu kila kitu kwa urefu kama profesa alivyokuwa, wakamwangusha 58 kwa 42. Tangu hapo wote wamejifunza kufunga midomo.

Papa Katuba
Kama wote wanafunga midomo, kikao ni cha nini? Wale majaji watatu walioteuliwa na Trump waliulizwa juu ya Roe, ile hukumu ya 1973 iliyoruhusu kutoa mimba. Wakazungukazunguka: ni hukumu iliyotangulia, ina uzito wake, tunaiheshimu. 2022 wote watatu waliungana na wenzao kuifuta. Hiyo ni sawasawa na jury ya memwari huku kwetu, walimu wa chuo wanapomuuliza mwanafunzi juu ya kazi yake ya mwisho. Maswali yanajulikana, pointi zinajulikana, familia imeshanunua vinywaji, kinachobaki ni picha.

Asistanti
Papa Katuba, kwa heshima yote, hapo umenigusa. Mimi ninakaa kwenye jury hizo. Ninasoma memwari ya kurasa 80 usiku kwa taa ya simu kwa sababu umeme umekatika, na asubuhi niko pale na maswali niliyoandika kwa mkono wangu. Kuna wanafunzi tunawarudisha wakasahihishe, tena wengi. Mshahara wenyewe unaujua. Halafu unasema sisi ni watu wa picha?

Mama Ruashi
Asistanti, mwanangu naye alirudishwa. Alirudishwa mara mbili. Kazi yake haikuwa na shida. Mwenye kuiongoza alikuwa anasubiri kitu, na kitu kilipofika, memwari ikawa nzuri siku ileile bila kubadilisha mstari. Chuo sikitaji.

Asistanti
Pole, Mama. Lakini mmoja akikosa, msituvue nguo wote.

Kijana wa Kenya
Bakubwa, tulikuwa ku majaji, sasa tuko paka ku memwari. Njo vile mijadala yetu inakufaka. Mi niseme yangu: kule Kenya ya Nairobi, si mutaa yetu ya Kenya ya hapa Lubumbashi, balimuuliza mutu juu ya hereni ku sikio, bakamunyima kazi. Ile njo maswali ya kumuuliza jaji?

Avoka wa Kampemba
Hawakumnyima, kijana. Huyo ni Willy Mutunga, akawa Jaji Mkuu kuanzia 2011 hadi 2016, na hereni yake sikioni. Lakini uko sawa kwamba swali lilikuwa la kipuuzi. Mtu ametetea haki za binadamu maisha yake yote, wanamuuliza sikio.

Papa Katuba
La kipuuzi kwa nani? Mimi ni mzee. Sitaki kuhukumiwa na mwanaume mwenye hereni.

Mama Ruashi
Papa, jaji wa kesi yangu ya kiwanja hana hereni. Anavaa vizuri, joho limepigwa pasi. Faili yangu ameichukua katika delibere, yaani akaandike hukumu, na hukumu haitoki. Nikienda naambiwa nirudi wiki ijayo. Aliyejenga juu ya kiwanja changu ameshafika kwenye bati.

Mwana Kamalondo
Mama, hilo ndilo nilikuwa natafuta! Kuna maswali ambayo hayamfungi jaji kwa kesi ya kesho. Ulichukua faili ngapi ukaacha kutoa hukumu? Ulipata wapi nyumba hii na ile? Ni nani alikusindikiza mpaka jina lako likafika Kinshasa? Hukumu yako fulani ilifutwa huko juu, eleza ulivyofikiri siku ile. Hayo yote yamekwisha kutokea, hakuna siri ya mashauri hapo.

Papa Katuba
Na wa kuuliza ni nani? Oktoba 2020 majaji watatu wapya wa Korti ya Katiba waliapa mbele ya rais pale Palais du Peuple, jumba la Bunge Kinshasa. Maspika wa mabunge yote mawili hawakufika. Watu waliokataa hata kusikia kiapo, unataka kuwapa mikrofoni?

Avoka wa Kampemba
Papa, walikuwa na sababu yao. Majaji wawili waliokuwa katika Korti ya Katiba walipelekwa Korti ya Kasasio, korti nyingine ya juu, nao wakakataa kwenda, wakisema muda wao haujaisha. Usiruke jambo hilo.

Papa Katuba
Siruki. Nasema kila mmoja pale alikuwa anahesabu watu wake. Anayehesabu watu wake hatauliza kiwanja cha Mama Ruashi. Atauliza: wewe ni wa nani?

Kijana wa Kenya
Na wewe Papa ulisema hereni.

Asistanti
Mimi ningeanza na kifungu cha 159. Kinadai uzoefu wa miaka 15 katika sheria AU siasa. Na kile cha 158 kinasema theluthi mbili lazima wawe wanasheria, watoke kwa mahakimu, kwa avoka au kwa walimu wa chuo kikuu. Theluthi inayobaki inaweza kuwa mwanasiasa mtupu. Huyo sharti aulizwe kuliko wote: umefuata chama miaka 15, utakihukumu namna gani? Korti hii ndiyo inayomaliza ugomvi wa uchaguzi wa rais. Ndiyo inayoweza kumhukumu rais mwenyewe.

Avoka wa Kampemba
Naye atajibu vizuri, utapiga makofi. Uzuri wa mdomo siyo haki.

Mwana Kamalondo
Maître, kwa hiyo tusiulize?

Avoka wa Kampemba
Ulizeni, lakini kwanza faili itangazwe. Brandeis, jaji mteule wa Marekani mwaka 1916, hakufika mbele ya maseneta hata siku moja. Waliita watu waliomjua, wabaya wake na wazuri wake, miezi minne, ndipo wakapiga kura. Huku mtu anateuliwa, tunasikia jina usiku kwenye televisheni ya taifa, asubuhi tunatafuta ni nani. Nipe mwezi mmoja tu na jina, na avoka wa Lubumbashi watakuambia wenyewe jaji huyo alivyokuwa akikata kesi hapa.

Papa Katuba
Avoka gani atasema? Kesho yake atasimama mbele ya jaji yule yule akiomba.

Avoka wa Kampemba
Mimi nitasema. Nimeshasema mbele ya baraza letu na bado ninafanya kazi.

Asistanti
Papa Katuba, bado hujanijibu juu ya jury. Zinafanyika mlango wazi. Njoo ukae nyuma usikilize, kisha uandike tena hapa ulichoandika.

Papa Katuba
Nitakuja. Mama Ruashi aje na mwanawe.

Mama Ruashi
Mwanangu yuko Kolwezi anachimba, memwari iko kabatini. Mimi nataka hukumu ya kiwanja. Faili yangu ina namba, naweza kuiweka hapa kila mtu aione.

Avoka wa Kampemba
Usiiweke hapa, Mama. Niandikie pembeni. Jumatatu nina kesi kwenye jengo hilohilo, nitapita kwa karani niulize.